Haki ya Kitanda: Makao ya Dharura katika Historia ya Jiji la New York

Katika kila jiji kubwa wapo watu ambao, jua likishazama, hawana mlango wa kuufunga nyuma yao. Wengine hulala vibarazani mwa maduka, wengine chini ya madaraja, wengine katika vituo vya mabasi na treni. Swali la uraia linalozaliwa hapo ni jepesi kuulizwa na zito kujibiwa: je, ni wajibu wa nani kuwapa watu hao mahali pa kulala? Ni wa jamaa zao, ni wa waumini wenye huruma, au ni wa serikali inayokusanya kodi?

Somo letu la leo linatupeleka New York, nchini Marekani, kwa sababu jiji hilo lilijibu swali hili kwa namna ambayo majiji machache yamethubutu. Tangu mwaka 1981 limebeba wajibu wa kisheria wa kuwapa kitanda watu wasio na pa kulala wanaokuja kukiomba. Tutatazama haki hiyo ilivyopatikana, matunda iliyoyaleta, na sababu ya tatizo lililoizaa kuendelea kuwapo hata baada ya zaidi ya miaka 40.

Kabla ya kuendelea, tutofautishe maneno mawili. Makao ya dharura ni mahali ambapo mtu hupewa kitanda kwa usiku mmoja au siku chache ili asilale nje. Makazi ya mpito, ambayo baadhi ya majiji ya Marekani huyaita kwa jina la daraja, ni mahali ambapo mtu hukaa kwa wiki au miezi kadhaa huku akisaidiwa kupata vitambulisho, matibabu na nyumba ya kupanga. Makao ya kwanza humwokoa mtu na baridi ya usiku; ya pili hukusudia kumvusha. Tofauti hiyo ndogo ndiyo itakayotufunulia historia yote inayofuata.

Kutoka sakafu ya polisi hadi nyumba ya manispaa

Katika karne ya 19, fukara wa New York aliyekosa pa kulala alikwenda kituo cha polisi. Vituo vingi vilikuwa na chumba cha chini ya ardhi ambamo watu walilala juu ya mbao tupu au sakafuni, wakibanana, bila blanketi wala maji ya kunawa. Mmoja wa waliolala humo alikuwa kijana mhamiaji kutoka Denmark, Jacob Riis, aliyewasili Marekani mwaka 1870. Baadaye alipata kazi ya uandishi wa habari, akawa miongoni mwa watu wa kwanza kutumia picha kuwaonyesha matajiri maisha ya maskini waliokuwa jirani zao. Kitabu chake kuhusu vitongoji duni vya New York kilichapishwa mwaka 1890.

Riis hakuvisahau vyumba vile vya polisi. Rafiki yake Theodore Roosevelt, ambaye miaka michache baadaye angekuwa Rais wa Marekani, alipokuwa mwenyekiti wa bodi iliyosimamia polisi wa jiji, alitembezwa naye usiku akajionea mwenyewe. Mwaka 1896 vyumba hivyo vilifungwa. Jiji likaanza kuendesha nyumba zake za kulala, na mwaka 1909 likafungua jengo kubwa katika Mtaa wa 25 Mashariki. Aliyepokelewa humo alilazimika kuoga, na nguo zake zikafukizwa dawa ya kuua wadudu. Palikuwa safi kuliko kituo cha polisi, ila bado ilikuwa ni hisani tu. Jiji lilitoa lilipotaka, kwa kiasi lilichotaka, na aliyenyimwa hakuwa na pa kushtaki.

Wanaume wengi zaidi walipata hifadhi katika mtaa uitwao Bowery, kusini mwa kisiwa cha Manhattan. Huko palikuwa na nyumba za kulala za bei ya chini sana, zenye vijichumba vilivyotenganishwa kwa mbao na kufunikwa juu kwa waya kama mabanda ya kuku. Kwa miongo mingi jina la Bowery lilikuwa sawa na jina la ufukara wenyewe.

Sentensi iliyolala miaka 41

Uchumi ulipoporomoka mwaka 1929, umaskini haukuwa tena jambo la mtaa mmoja. Watu waliopoteza kazi walijijengea vibanda hata ndani ya bustani kubwa ya jiji, Central Park. Katika hali hiyo, ilipokuwa vigumu kumwambia mwenye njaa kwamba amejitakia mwenyewe, jimbo la New York liliandika upya sehemu kadhaa za katiba yake. Mwaka 1938 iliongezwa ibara ya 17, inayosema kwamba kuwasaidia na kuwatunza wahitaji ni jambo linalouhusu umma, na kwamba jimbo litalitekeleza.

Tuzingatie sana jambo hili, kwa maana hapa pana somo la uraia. Ibara hiyo ilipigiwa kura, ikachapishwa, ikahifadhiwa katika vitabu vya sheria. Lakini kwa mtu aliyelala barazani haikubadilisha lolote, kwa kuwa hapakuwa na aliyeisoma kwa niaba yake mbele ya jaji na kuuliza kama ndivyo ilivyomaanisha.

Wakati ibara ikilala, mambo mengine yalikuwa yakijiandaa. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, jiji liliviona vyumba vidogo vya kupanga vya mtu mmoja, vyenye choo na jiko vya kushirikiana, kuwa ni aibu. Mwaka 1955 ujenzi wa vyumba vya namna hiyo ulipigwa marufuku, na katika miaka ya 1970 wenye majengo walipewa nafuu za kodi ili wavigeuze kuwa nyumba za watu wa kipato kikubwa. Katika miongo michache vilitoweka zaidi ya vyumba laki moja. Mtu ambaye kipato chake kilimtosha kwa chumba kimoja tu, sasa hakitoshi kwa chochote.

Katika miaka hiyohiyo hospitali za wagonjwa wa akili zilikuwa zikifungwa. Katikati ya miaka ya 1950 hospitali za jimbo zilikuwa na wagonjwa zaidi ya elfu tisini. Dawa mpya zilipopatikana, na ukatili wa baadhi ya hospitali hizo ulipofichuliwa, wagonjwa walirudishwa uraiani kwa ahadi ya kutunzwa karibu na watu wao. Vitanda vilipunguzwa kama ilivyopangwa, lakini sehemu kubwa ya matunzo yaliyoahidiwa haikutekelezwa. Mwishoni mwa miaka ya 1970, wakazi wa New York walianza kuwaona wanaolala nje katika mitaa ambayo haikuwa na historia hiyo.

Kesi ya Callahan

Mwaka 1979 wakili kijana, Robert Hayes, mwenye umri wa miaka 26, alikuwa mwajiriwa katika kampuni kubwa ya mawakili jijini humo. Alizungumza na wanaume waliolala mitaani akitaka kujua kwa nini hawaendi katika ofisi ya jiji iliyokuwa Mtaa wa 3 Mashariki, ambako wasio na makazi waligawiwa karatasi za kuwaruhusu kulala katika nyumba za Bowery. Aliambiwa kwamba nafasi hazitoshi, na kwamba anayekosa nafasi hubaki usiku kucha katika ukumbi uliojaa watu, kwenye kiti au sakafuni.

Hayes alifungua katiba ya jimbo, akaikuta ile sentensi ya mwaka 1938. Mwezi Oktoba 1979 alifungua kesi kwa niaba ya wanaume watatu. Wa kwanza katika orodha alikuwa Robert Callahan, aliyewahi kuwa mpishi katika migahawa, ambaye ulevi ulikuwa umemfikisha katika mitaa ya Bowery. Upande wa pili alikuwa Gavana Hugh Carey pamoja na wakuu wa jiji. Ndiyo maana kesi hiyo inajulikana hadi leo kwa majina ya watu hao wawili, gavana wa jimbo na mpishi asiye na kitanda. Mbele ya mahakama majina yao yaliandikwa kwa wino mmoja.

Tarehe 5 Desemba 1979, majira ya baridi yakiwa yameanza, jaji wa mahakama ya jimbo, Andrew Tyler, aliliamuru jiji liwapatie wanaume hao na wenzao mahali pa kulala. Jiji likafungua vitanda katika jengo la hospitali ya zamani kwenye kisiwa cha Wards. Mabishano yaliendelea karibu miaka miwili, hadi pande zote zilipokubaliana. Makubaliano hayo, yenye nguvu ya amri ya mahakama, yalitiwa saini mwezi Agosti 1981, wakati wa Meya Ed Koch.

Callahan hakuyaona. Alikuwa amekwisha kufa mtaani, katika eneo lilelile la kusini mwa Manhattan, kabla ya wino kukauka juu ya haki iliyobeba jina lake.

Upana wa inchi thelathini

Anayesoma makubaliano ya mwaka 1981 akitarajia maneno makubwa kuhusu utu wa binadamu atashangaa. Sehemu yake kubwa inazungumzia vitanda. Kitanda kiwe na upana usiopungua inchi 30, yaani sentimita 76 hivi. Kiwe na godoro safi na mto safi. Kila mtu apewe shuka mbili, blanketi, taulo, sabuni na karatasi za chooni. Apewe pia kabati la kufungwa kwa kufuli, ili mali yake chache isiibwe akiwa amelala. Kuna na vipimo vya nafasi kati ya kitanda na kitanda.

Kwa nini mawakili waligombania inchi? Kwa sababu walijua kwamba haki isiyopimika huponyoka. Serikali ikiahidi kuwajali wahitaji, si rahisi kuthibitisha kwamba haijawajali. Ikiahidi shuka mbili, mtu yeyote anayejua kuhesabu anaweza kuingia na kuhesabu. Shirika la kutetea wasio na makazi, ambalo Hayes alikuwa miongoni mwa waanzilishi wake, lilipata baadaye mamlaka ya kukagua makao hayo, na kazi hiyo imeendelea hadi karne hii.

Haki iliyoanza kwa wanaume ilipanuliwa kwa kesi nyingine. Wanawake wasio na familia walifikiwa kwanza. Familia zenye watoto zilipigania yao katika kesi iliyoanza mwaka 1983 na kuhitimishwa mwaka 2008. Kwa muda wa robo karne, mahakama ililazimika kukumbusha kwamba mtoto hawezi kulala juu ya meza ya ofisi ya serikali.

Dharura isiyokwisha

Tukiishia hapo tutakuwa tumesimulia nusu ya habari. Mikataba ya mwaka 1981 iliahidi kitanda; haikuahidi nyumba. Na kwa kuwa vyumba vya bei ya chini viliendelea kupungua, waliopata kitanda hawakuwa na mahali pa kwenda baada ya kitanda.

Jiji lilipanua makao ya dharura mwaka hadi mwaka. Kumbi za gwaride za vikosi vya akiba zilijazwa vitanda. Katika ukumbi wa Fort Washington, kaskazini mwa Manhattan, wanaume takriban elfu moja walilala katika chumba kimoja kisicho na kuta za ndani. Wizi na vipigo vilikuwa vya kawaida, na wapo waliochagua kubaki mitaani kwa kuhofia usalama wao. Familia ziliwekwa katika hoteli kuukuu ambako mama na watoto wanne waliweza kukaa mwaka mzima katika chumba kisicho na jiko, huku jiji likimlipa mwenye hoteli fedha ambazo zingetosha kukodi nyumba nzuri. Mwaka 1993 ikaundwa idara maalumu ya jiji ya kushughulikia wasio na makazi. Dharura ikawa na ofisi, wakurugenzi na bajeti ya kila mwaka. Mwishoni mwa miaka ya 2010, zaidi ya watu 60,000 walilala katika makao ya jiji kila usiku, na wengi wao walikuwa wazazi na watoto wao.

Wahenga wetu walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Methali hiyo hutumiwa kumhimiza mgeni asikae bure, lakini ina upande wa pili tusiousahau. Anayetoa jembe sharti awe na shamba la kuonyesha. New York ilimpokea mgeni, ikamlaza, hata ikampa jembe kwa njia ya mafunzo na ajira ndogondogo. Kilichokosekana ni shamba, yaani nyumba ambayo mshahara wa mtu wa chini ungeweza kuilipia.

Daraja na ng'ambo yake

Upande wa magharibi wa Marekani ulifuata njia nyingine. Los Angeles haina amri ya mahakama kama ya New York, na matokeo yake yanaonekana kwa macho: katika hesabu ya mwaka 2020, wilaya ya Los Angeles ilikuwa na watu zaidi ya 66,000 wasio na makazi, na takriban saba katika kila kumi walilala nje, katika mahema, magari au juu ya lami. New York, yenye idadi inayokaribia hiyo, ilikuwa na karibu wote chini ya paa.

Ndipo lilipokuja wazo la daraja. Mwaka 2015 San Francisco ilifungua kituo cha aina mpya, ambacho kilimruhusu mtu kuingia na mwenzi wake, mbwa wake na mizigo yake, vitu ambavyo makao ya zamani yalivikataa. Mwaka 2018 Meya Eric Garcetti wa Los Angeles alitangaza mpango wa kujenga makazi ya mpito katika sehemu zote za jiji, na kituo cha kwanza kikafunguliwa mwezi Septemba karibu na kitovu cha kihistoria cha jiji, kikiwa na vitanda 45. Lengo lilikuwa mtu akae miezi michache, kisha avuke kwenda nyumba ya kudumu. Miaka miwili kabla, wapiga kura wa jiji walikuwa wameidhinisha mkopo wa dola bilioni 1.2 ili nyumba hizo zijengwe. Lakini ujenzi ulikwenda taratibu na kwa gharama kubwa, huku makazi ya mpito yakijaa. Daraja lilijengwa haraka kuliko ng'ambo yake, na watu wakabaki wamesimama katikati.

Ajabu ni kwamba jibu lenye mafanikio zaidi lilizaliwa New York kwenyewe. Mwaka 1992 mwanasaikolojia Sam Tsemberis alianzisha huko mradi wa kuwapa wagonjwa wa akili waliolala mitaani nyumba ya kupanga kwanza, bila kuwataka waache ulevi au wapone kabla ya kukabidhiwa ufunguo; matibabu yaliwafuata nyumbani. Walio wengi walibaki katika nyumba hizo. Nchi iliyolichukua wazo la namna hiyo na kulifanya sera ya taifa ni Finland, kuanzia mwaka 2008. Mjini Helsinki makao ya dharura yaligeuzwa kuwa nyumba: jengo la shirika moja la Kikristo lililokuwa na vitanda 250 likawa na nyumba ndogo 81, kila moja na mlango wake. Mji huo uliokuwa na vitanda vya dharura na vya nyumba za kulala 2,121 mwaka 1985 ulibaki na 52 mwaka 2016. Hilo liliwezekana kwa sababu Helsinki inamiliki ardhi nyingi na makumi ya maelfu ya nyumba za kupangisha. Shamba lilikuwapo.

Haki iliyojaribiwa

Kuanzia mwaka 2022 haki ya Callahan ilipata mtihani wake mkubwa. Wahamiaji wengi waliwasili New York kutoka Venezuela, Ecuador na kwingineko, wakiwamo vijana wa Mauritania na Senegal. Mwishoni mwa mwaka 2023 waliolala katika makao ya jiji walizidi 120,000. Meya Eric Adams aliiomba mahakama ilegeze masharti, na mwezi Machi 2024 yakafikiwa makubaliano yaliyowawekea wahamiaji watu wazima wasio na watoto kikomo cha siku, kwa kawaida siku 30, isipokuwa wenye sababu maalumu. Haki haikufutwa, ila ilipunguzwa makali. Miezi mitatu baadaye Mahakama ya Juu ya Marekani, katika kesi iliyotoka mji mdogo wa Grants Pass, iliamua kwamba mji unaweza kumwadhibu mtu kwa kulala hadharani hata kama hana pengine pa kulala. Ni dhahiri basi kwamba kitanda cha inchi 30 hakilindwi na katiba ya taifa hilo. Kinalindwa na sentensi moja ya jimbo moja, na na watu wanaoendelea kuisoma.

Kwa wasomaji wa Afrika Mashariki, jambo hili si la mbali. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika ibara ya 43, inampa kila mtu haki ya makazi yanayofaa. Wakazi wa kijiji cha Mitumba jijini Nairobi, waliobomolewa nyumba zao mwaka 2011 karibu na uwanja wa ndege wa Wilson, waliipeleka ibara hiyo mahakamani, na mwezi Januari 2021 Mahakama ya Juu ya Kenya ikakubali kwamba watu wa namna yao, waliokaa muda mrefu katika ardhi ya umma bila makao mengine, wanalindwa na haki hiyo. Kama ilivyokuwa kwa Callahan, hukumu ilikuja miaka mingi baada ya watu kulala nje.

Mwanafunzi wa uraia na ajifunze hapa mambo mawili. Haki iliyoandikwa huanza kufanya kazi siku inapodaiwa, na hudumu pale inapopimwa kwa vitu vinavyohesabika. Lakini makao ya dharura, hata yakilindwa na mahakama, yatajaa daima katika jiji ambalo halijengi nyumba ambazo mtu wa kipato kidogo anaweza kuzilipia.

Maswali ya kujadili

1. Eleza kwa maneno yako tofauti kati ya makao ya dharura, makazi ya mpito na nyumba ya kudumu.
2. Kwa nini mawakili wa kesi ya Callahan walitaka upana wa kitanda uandikwe katika makubaliano?
3. Mwandishi anaitumiaje methali ya mgeni na jembe? Je, unakubaliana na maana aliyoipa?
4. Tafuta katika katiba ya nchi yako ibara inayohusu makazi au ustawi wa wahitaji. Je, imewahi kudaiwa mahakamani?